Taarab ya Mombasa: Nani atazitunza kanda za wakongwe?

KATIKA muda wa takriban miaka miwili, taarab ya Mombasa ilipoteza nguzo zake mbili. Mohamed Khamis Juma Bhalo alifariki dunia Aprili 2014, naye Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu, akamfuata mwaka 2016. Swali lililobaki si nani atawarithi jukwaani tu, bali pia wapi wajukuu watakwenda kuwasikia.

Wawili hao walishika njia tofauti. Bhalo, mzaliwa wa Malindi, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, yakisindikizwa na kinanda na tabla. Mengi ya mashairi hayo yalitungwa na jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Zein aliegemea udi na mahadhi ya Kiarabu, na miongoni mwa waliompa tungo alikuwa Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka 2017.

Ukumbi wao hasa ulikuwa arusi. Kuanzia Mji wa Kale hadi mitaa kama Ganjoni, mwimbaji alialikwa, akaimba hadi usiku wa manane na kutuzwa papo hapo. Sauti hizo zilinaswa kwenye kanda, na duka la Mbwana Radio Service la Mji wa Kale likazieneza pwani nzima.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro yake. Msanii alilipwa kwa usiku aliotumbuiza. Kanda iliponakiliwa mitaani, yeye hakuambulia kitu. Bhalo alistaafu uimbaji mwaka 2007, lakini kanda zake ziliendelea kupita mkono hadi mkono.

Ughaibuni mambo yalikwenda kwa mpango. Kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu ya Zein mwaka 1990, nayo Buda Musique ya Ufaransa ikatoa mkusanyo wa taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Msikilizaji wa Paris akapata wimbo pamoja na maelezo yake. Wa Mombasa mara nyingi hukutana nao kwenye intaneti bila jina la mtunzi wala mwaka, ilhali kanda zilizomo majumbani zinaharibiwa na joto na unyevu wa bahari.

Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Hata hivyo, sheria peke yake hainakili kanda.

Mitambo ya kunakili inaweza kununuliwa. Kilicho adimu ni mtu anayeweza kusikiliza kanda isiyo na maandishi akatambua ilikuwa arusi ya nani, shairi ni la nani, na fidla ilishikwa na nani. Watu hao wanapungua kila mwaka, na kazi hiyo haiwezi kufanywa baada yao.