Upendo Wenye Foleni

Jioni yoyote ukishuka Sultan Hamud, kabla hata hujavuka Mombasa Road, utamsikia mhubiri wa steji. Malori yamejipanga kando ya barabara, mataniboi wanatafuta chai, dereva kutoka Mombasa anauliza muthokoi ni nini, na spika inapasuka: Mungu anawapenda nyote! Nyote, anasema. Madereva, makondakta, walevi, akina dada wa lojing. Mimi neno hilo naliamini. Shida yangu ni Jumapili.

Kulikuwa na mama aliyeuza chapati kwa kibanda karibu na steji. Watoto watatu, kila mmoja na baba yake, na mtaa mzima ulijua hesabu hiyo kuliko ulivyojua jina lake. Kanisani kwao (silitaji, yako mengi) alikuwa ametengwa. Hakuna meza ya Bwana, hakuna kwaya, kiti chake ni cha nyuma karibu na mlango. Sadaka yake ilipokelewa, lakini. Hiyo haikutengwa.

Alipokufa, wazee wa kanisa wakaiambia kamati ya mazishi kwamba mchungaji hatakuja, watatuma mtu "aombe tu kidogo." Mtu akaja, akasoma mistari miwili, akaangalia saa. Tukiwa bado na udongo mikononi, binti yake mdogo akanivuta shati: "Kwani mum amekatazwa pia huko juu?"

Sikumjibu. Nilimwambia anywe soda. Ndiyo maana naandika.

Mji wetu una jina la Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Mwaka 1897, Waingereza wakimsukuma, alitia sahihi amri ya kukomesha utumwa. Inasikika vizuri. Lakini soma jinsi ilivyofanya kazi: mtumwa hakuamka akiwa huru. Alipaswa aende mwenyewe mahakamani akaombe uhuru wake, na aonyeshe kwamba ana mahali pa kuishi na kazi ya kumlisha. Masuria waliachwa nje kabisa, hadi 1909. Uhuru ulitangazwa kwa wote, halafu ukawekewa dirisha, foleni na karani. Na wa mwisho kuhudumiwa alikuwa mwanamke ambaye kitanda chake kilikuwa na mwenyewe.

Sasa niambie kama hujaliona kanisa hilo.

Najua jibu la wazee, nimelisikia tangu Sunday school: Mungu anapenda wote, ila mtu lazima atubu kwanza, bila hivyo ni kuendekeza dhambi. Sawa. Toba ni kitu kikubwa na siichezei. Ninagombana na hilo neno "kwanza". Fungua Luka 15. Yule kijana anarudi kutoka kwa nguruwe na hotuba yake ya toba ameikariri njiani, na baba anamwona akiwa bado mbali, anakimbia, anamkumbatia. Hotuba inaanza baada ya kukumbatiwa, na hata haimaliziki, baba tayari anaagiza nguo. Nenda Luka 19: Yesu anajialika kwa Zakayo, mtoza ushuru ambaye mji wote unamchukia, na ni baada ya mwaliko ndipo Zakayo anaahidi kurudisha pesa za watu. Umati ndio uliotaka arudishe kwanza. Kwa hivyo mkisema "kwanza," jueni mnanukuu umati.

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linanigusa mimi. Hadithi ya Luka 15 inaisha na mtoto mmoja tu aliye nje ya nyumba, naye ni yule mwema. Aliyefanya kazi shambani miaka yote. Amenuna, hataki kuingia karamuni na watu kama wale. Na baba anatoka nje kumbembeleza yeye pia. Maana yake, kama ninayoyasema ni kweli, basi upendo huo unamfikia hata mchungaji aliyekataa kuja makaburini. Sijafurahi kuandika sentensi hiyo. Nimeifuta mara mbili. Lakini nikimwekea yeye geti, nitakuwa nimeajiriwa kazi ileile ya bawabu, tofauti ni zamu tu.

Kwa hivyo namsamehe? Bado. Ninachotaka ni kitu kidogo na kinawezekana Jumapili hii: ile orodha ya waliotengwa isomwe na wazee kwa sauti, mbele ya watu, na kando ya kila jina waseme alitoa sadaka kiasi gani mwaka jana. Tuone kama spika haitazimika.

Binti yule nilimjibu baadaye. Nilimwambia hapana, hajakatazwa, na hakuna mtu hapa chini aliye na ufunguo wa huko. Aliniangalia kama mtu anayehesabu chenji.

Dada yake mkubwa ndiye anayepika chapati sasa. Mhubiri wa steji hula pale. Mwezi uliopita nilimsikia akiomba aandikiwe deni, na akaandikiwa, na akaongezewa ndengu.