NYAMBIZI YA MJERUMANI NA SENTI YA MCHUMA CHAI



Umezuka mchezo mpya wa maneno katika mashamba yetu hapa Kabianga. Watu wakishapima majani na kukaa kupumzika, huulizana: "Wewe ukipata mamilioni, utanunua nini?" Zamani jibu lilikuwa ng'ombe wa maziwa, kipande cha ardhi, au matatu ya kwenda Kericho. Sasa wako vijana wanaojibu kwamba watanunua nyambizi, yaani manowari iendayo chini ya maji. Tena si nyambizi yo yote, bali ya kale ya Mjerumani, ile ya vita vya Hitler. Wameziona picha katika simu zao, na wamesikia kwamba Ulaya yuko tajiri aliyepata kuwa nayo.

Watu hucheka, nasi twacheka pamoja nao. Hapa kwetu maji makubwa ni ya mvua, na nyambizi ya urefu wa mita 67 haina pa kugeuka katika mto wo wote wa Kericho wala Bomet. Lakini kicheko kikiisha, inafaa tuulize: chombo hicho kimetoka wapi, na nani alikilipia? Chama cha wafanyakazi hakina kazi ya kumkataza mtu kuota. Kazi yake ni kumwonyesha hesabu.

KWANZA: NANI ALIZIJENGA?

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mkataba wa mwaka 1919 ulimkataza Mjerumani kuwa na nyambizi. Hitler alishika serikali mwaka 1933. Tarehe 2 Mei mwaka huo, siku moja tu baada ya sikukuu ya wafanyakazi, watu wake walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi nchi nzima, wakachukua fedha za wanachama na kuwatia viongozi kifungoni. Nyambizi ya kwanza mpya ilishushwa majini mwezi Juni 1935. Tazameni mpango huo, ndugu zangu. Chama kilivunjwa kwanza, nyambizi zikafuata. Mtu anayetaka kuwafanyisha watu kazi ya namna hiyo hutangulia kuwanyang'anya ulimi.

Karibu na mji wa Bremen lipo mpaka leo jengo kubwa mno la zege liitwalo Valentin. Lilianzwa mwaka 1943 ili liwe kiwanda cha kuunganishia nyambizi. Waliolijenga walikuwa watumwa hasa: mateka wa vita, wafungwa wa kambi, na watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi nyingi. Zaidi ya watu 1,100 walikufa hapo kwa njaa, magonjwa, mapigo na uchovu. Ndege za Waingereza zililipiga mwezi Machi 1945, na kazi ikaachwa. Hakuna hata nyambizi moja iliyotoka humo. Watu wote hao walikufa kwa ajili ya kiwanda ambacho hakikutoa kitu.

Na wale waliozipanda? Wajerumani wapatao 40,000 walitumwa vitani katika nyambizi za Hitler. Kiasi cha 30,000 hawakurudi. Ni watatu katika kila wanne, na wengi walikuwa vijana wa umri wa hao wetu wanaoota kununua moja. Hayo ndiyo majina ambayo hayaandikwi kwenye picha za simu.

PILI: ZILIFANYA NINI KATIKA BAHARI YETU?

Msidhani mambo hayo yalikuwa ya mbali. Nyambizi za Mjerumani zilifika mpaka Bahari ya Hindi, na moja ilifia katika pwani ya Somalia. Ilikuwa U-852, na kapteni wake aliitwa Heinz-Wilhelm Eck. Ilitoka Kiel mwezi Januari 1944. Usiku wa tarehe 13 Machi, katika bahari ya Atlantiki, ilizamisha meli ya mizigo ya Kigiriki iitwayo Peleus. Mabaharia kadha wa kadha walishika maboya na mbao. Eck aliogopa kwamba ndege zikiona vipande vya meli zitajua nyambizi iko karibu. Basi akaamuru vipande vyote viharibiwe kwa bunduki na mabomu ya mkono, na watu wakiwa juu yake. Kati ya mabaharia wapatao 35, watatu tu waliokolewa, baada ya kukaa majini zaidi ya siku 30. Walikuwa watu wa kazi, ndugu zangu, si askari. Walikuwa wakipeleka meli ya mizigo ili wapate mshahara.

Mwanzoni mwa Mei ndege kutoka Aden ziliifuata U-852 na kuiumiza, ikapanda mchanga katika pwani ya Somalia, na watu wake wakashikwa. Humo ndani kilipatikana kitabu cha safari, kikasaidia kuonyesha ukweli. Mwezi Oktoba 1945 kesi ikasikizwa mjini Hamburg. Waliokuwa chini ya Eck walijitetea kwamba walitii amri ya mkubwa. Baraza halikukubali. Eck, ofisa wake Hoffmann na daktari wa chombo, Weispfennig, walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Fundi mkuu wa mitambo, Lenz, alikuwa ameipinga amri kwanza, kisha naye akafyatua. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Kila nyapara na alikumbuke fundi huyo. Kupinga kwa mdomo na kutii kwa mkono hakumwokoi mtu.

Tena wako wazee wa Kenya ambao vifo vyao havikuletwa na Mjerumani, bali na nyambizi ya Mjapani. Mwezi Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Ceylon, na ndani yake Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki, watu karibu 1,000. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, ilipigwa na nyambizi I-27, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Karibu watu 1,300 walikufa, na kati yao mamia ya askari wetu. Chuma ni kile kile, akishike Mdachi au Mjapani. Je, mjukuu wa mtu aliyezama namna hiyo anunue nyambizi aiweke uani kama pambo?

TATU: MTU ALIYEINUNUA KWELI

Ndoto hii si mpya. Yuko bwana mmoja aliyeitimiza zaidi ya miaka mia iliyopita, na habari zake zinatufaa sana sisi tunaokatwa senti katika mshahara.

Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza nyambizi ya mizigo iitwayo Deutschland. Ilivuka bahari mpaka Baltimore katika Marekani, ikapeleka rangi za viwandani na kurudi na mpira, nikeli na bati. Mwaka 1917 ikafanywa ya vita na kuitwa U-155. Vita vilipokwisha Waingereza waliichukua, kisha ikauzwa. Aliyekuwa nyuma ya ununuzi alikuwa Horatio Bottomley, mwenye gazeti la John Bull, na mjumbe wa Bunge la Uingereza. Huyu alijiita rafiki wa askari na wa mtu mdogo. Aliizungusha nyambizi hiyo katika miji ya pwani ili watu walipe kiingilio waione.

Sasa sikieni fedha zilitoka wapi. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilikuwa ikiuza hati za ushindi, na hati ndogo kabisa ilikuwa pauni tano. Bottomley akatangaza katika gazeti lake: Ninyi maskini msio na pauni tano, nileteeni pauni moja moja; mimi nitanunua hati kwa niaba yenu, faida itapigiwa kura, na pauni yako utarudishiwa wakati wo wote utakapo. Watu wakaleta. Wakaleta wafanyakazi, wajane na askari waliorudi vitani. Katika muda mfupi zikapatikana pauni nusu milioni au karibu yake. Vitabu vya hesabu havikuwekwa sawasawa. Mfuko wa wanachama na mfuko wa bwana ukawa mfuko mmoja, ukalipa madeni yake, biashara zake na anasa zake.

Aliyeanza kumfichua hakuwa polisi wala magazeti makubwa. Alikuwa mpiga chapa wa Birmingham, Reuben Bigland, ambaye kwanza alikuwa rafiki yake. Alichapa kijitabu kidogo akakiuza barabarani. Bottomley akamshtaki, akashindwa. Mwezi Mei 1922 Bottomley mwenyewe alihukumiwa kifungo cha miaka saba, akafukuzwa Bungeni. Alikufa mwaka 1933 akiwa maskini. Lakini pauni za wajane hazikufufuka.

Na nyambizi? Kiingilio hakikuleta utajiri uliotazamiwa, ikapelekwa Birkenhead kuvunjwa iwe chuma chakavu. Mwezi Septemba 1921 mlipuko ulitokea katika chumba cha injini, ukaua vijana watano waliokuwa wakijifunza ufundi. Huo ndio mwisho wa chezo la bwana mmoja. Maskini walilipa mwanzo, na vijana wa kazi wakalipa mwisho.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako watakaosema: "Lakini tajiri akitumia fedha zake mwenyewe, kuna ubaya gani?" Haya, tumtazame mmoja. Karsten Ree wa Denmark, aliyetajirika kwa gazeti la matangazo, alilipia kuinuliwa kwa U-534, iliyozama mwezi Mei 1945. Walivumisha kwamba ndani mna hazina. Ikainuliwa mwezi Agosti 1993, na hazina haikuonekana. Chombo kikapelekwa Birkenhead mwaka 1996, na mwaka 2008 kikakatwa vipande ili kiweze kuhamishwa na kuwekwa mahali pa kutazamwa. Wakati huo mwenye kukilipia alikuwa shirika la usafiri la umma la huko. Tajiri huanza, umma humaliza.

Msidanganyike pia na bei. Norway iliwapa Wajerumani U-995 kwa marki moja tu, na serikali yao haikuitaka. Chama cha mabaharia wa kale ndicho kilichoichukua, ikafunguliwa Laboe mwaka 1972 kuwa makumbusho. Kupewa ni rahisi. Kuilisha ndiyo kazi. Chuma cha namna hiyo hutaka kukwanguliwa kutu na kupakwa rangi mwaka hata mwaka, na mkono unaoshika msasa si mkono wa mwenye nyambizi.

Wengine watasema: "Ni historia, lazima ihifadhiwe." Twakubali! Lakini historia ihifadhiwe kwa jina la wote, pamoja na majina ya waliokufa. Isifungiwe uani kwa mtu mmoja ili ajisifu mbele ya wageni.

Na kama mwataka mfano wa chombo cha kale cha Mjerumani kilichotumika vema, hatuna haja ya kwenda Ulaya. Tazameni Ziwa Tanganyika. Mwaka 1913 meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma na kuunganishwa upya. Ilishushwa ziwani mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 mafundi wake waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka grisi injini ili isiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilibeba wachuuzi, dagaa, mahindi, wagonjwa na wakimbizi. Ililetwa kwa vita, ikageuzwa chombo cha abiria. Mama mwenye kikapu cha nanasi alikuwa na haki ya kupanda. Hilo ndilo liitwalo kumiliki.

MANENO YA MWISHO

Ndugu, hata hapa nyumbani vitu vikubwa vinavyojengwa na wengi huuzwa kati ya wachache. Mwaka 2022 Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo ya Kenya yatakwenda kwa Browns wa Sri Lanka. Jina langoni hubadilika. Mgongo unaobeba kikapu ni ule ule. Kwa hiyo kijana asiyejua hesabu ya nyambizi hatajua hesabu ya shamba.

Basi twasema hivi. Ota, lakini usitoe. Akija mtu na mfuko wa akiba, bahati nasibu, au mradi wa ajabu wa kututajirisha, awe mbunge, awe mhubiri, awe hata mmoja wetu, mwulizeni mambo matatu kabla ya shilingi ya kwanza. Vitabu vya hesabu viko wapi, na nani huvikagua? Mkutano wa wanachama utaitwa lini? Na mali itakayonunuliwa itaandikwa kwa jina la nani? Akinung'unika, mwacheni aende na nyambizi yake.

Na ninyi vijana, mkikaa tena baada ya kupima majani na kuulizana mtanunua nini, jibuni kwanza swali jingine: kilo zenu za leo zimeandikwa sawasawa?

UMOJA NI NGUVU.