Usimwelekeze tu njia, mpeleke

Tangu 2015 ndugu Warundi wengi walikimbilia kwetu Fizi. Wengine wako kambini Lusenda, wengine tunaishi nao mitaani. Juma lililopita jirani yangu mmoja, mwenye mimba ya miezi saba, aliniambia hajaenda CPN hata mara moja. Kifaransa hakijui, na aliogopa kufukuzwa kwa kukosa karatasi. Nikamwita reko wa mtaa wetu, anayesema Kirundi. Alimpeleka kituo cha afya, akakaa naye mbele ya muuguzi, akamtafsiria yote. Mtoto wake mdogo naye alipata chanjo, bila kulipa. Mama, ukiwa na jirani mgeni, mwitie reko, ama mfikishe wewe mwenyewe. Mimba haingoji karatasi.