Matumbawe Yetu na Joto la Bahari

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kuwa tumbawe ni jiwe. Tumbawe si jiwe. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, waliojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya ukuta wa tumbo la kila mmoja hukaa mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na sehemu kubwa humpa aliyeuhifadhi. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ushirika huo ndio uliojenga miamba inayokinga fukwe zetu na kulea changu, pono na tasi.

Adui wa ushirika huo ni joto. Maji yakizidi joto la kawaida la kilele cha kiangazi kwa digrii 1 tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, mwani hutoka, tumbawe likawa jeupe, na lisipopata nafuu mapema hufa.

Wala jambo hili si la baharini peke yake. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza matokeo ya kumlea mdudu wa kijani anayefyonza mimea ya kunde katika joto lililozidi la nje kwa digrii 2.5. Bakteria wenye manufaa waliomo tumboni mwake walipungua sana, naye akachelewa kukua na rangi yake ikaharibika. Fundisho ni moja: joto humdhoofisha kiumbe mdogo kwa kumnyang'anya mshirika wake.

Mwaka 1998 bahari yetu ilipata pigo hilo. Katika visiwa vya ndani vya Shelisheli, zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yalipotea. Lakini miamba 21 iliyochunguzwa huko kwa zaidi ya miaka 15 haikuwa na mwisho mmoja: 12 ilirudia uhai, 9 ikamezwa na magugu ya baharini. Miamba iliyo kwenye kina kirefu zaidi, yenye mapango mengi na samaki wengi walao mwani, ndiyo iliyokuwa na nafasi kubwa ya kupona.

Kuipoza bahari hatuwezi. Lakini juya linalokokotwa juu ya matumbawe, baruti, na maji machafu yanayomwagwa pwani ni kazi ya mikono yetu, si ya jua.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wanaohusika wasimamie sheria bila upendeleo, hasa Machi na Aprili, kaskazi inapokwisha na maji yakiwa moto. Hoteli ibanwe sawasawa na mvuvi. Na mvuvi anayenyang'anywa juya apatiwe chombo na nyavu halali za kuendea maji makuu, kwani sheria inayomwacha mtu na njaa haidumu. Nasi wananchi tumwache pono na tasi mchanga akue, maana huyo ndiye msafishaji wa mwamba.

Tumbawe lililopauka bado li hai. Tusiwe sisi wa kulimalizia.