Miguu ya Shoferi



Juma hili twataka kusema habari ya miguu ya shoferi. Huenda mmoja wenu atacheka, akidhani kwamba gazeti la jamaa limeishiwa na maneno. Asicheke upesi. Katika nchi yetu ya Maniema, mpunga wa wakulima, mawese, chumvi, na hata mgonjwa anayekimbizwa hospitali, mara nyingi hutegemea mguu wa mtu mmoja tu: ama wafika kwenye pedali, ama haufiki.

Wenyeji wa Kibombo wajua vema jambo hili. Mji wao uko kwenye reli itokayo Kindu kwenda Kongolo, iliyojengwa na kampuni ya CFL kabla ya vita kuu ya kwanza. Lakini siku hizi garimoshi huja kwa nadra, na mtu akiingoja huweza kuona miezi ikipita. Basi, mwenye haraka hupanda pikipiki, maskini husukuma kinga lake mchangani, na mwenye mzigo mzito hutafuta kamyoni.

Mama mmoja wa huko ametuandikia. Mume wake alikuwa shoferi miaka mingi, na sasa ameshikwa na ugonjwa wa mgongo, hawezi tena kukaa kitini siku nzima. Kamyoni yao imelala uani tangu masika. Mama mwenyewe alijifunza kuendesha zamani katika motokaa ndogo, na baadaye akapata hati ya kuendesha kamyoni. Lakini yeye ni mfupi. Akikaa vizuri kitini, haoni njia. Akijiinua ili aone njia, miguu yamwacha. Akikanyaga ambreyaje mpaka chini, ateleza mpaka kidevu chake karibu kigonge usukani. Shemeji yake ametoa mashauri mawili: kamyoni iuzwe, au apewe kijana wao wa miaka 15, kwa sababu yule ana miguu mirefu kuliko mama yake. Mama atuuliza: je, hakuna njia ya tatu?

Mama, njia ya tatu ipo. Lakini kwanza tuliondoe njiani shauri la kijana. Miguu mirefu haimfanyi mtu kuwa shoferi, kama vile ndevu ndefu zisivyomfanya mtu kuwa hakimu. Sheria ya barabara ya nchi yetu, iliyotolewa tarehe 30 Agosti 1978, yataka mwenye kuendesha awe na hati yake, na mtoto wa miaka 15 hawezi kuwa nayo. Tena kamyoni yenye tani nyingi za mpunga, ikishuka mlima wenye utelezi, yataka akili iliyotulia, ambayo kijana wa umri huo bado anaitafuta. Mwacheni amalize shule.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Kwa nini motokaa kubwa haimfai mtu mfupi? Sababu ni kwamba haikutengenezwa kwa kipimo chake. Sisi tuliosoma hadithi za Wayunani twamkumbuka mnyang'anyi Procrustes, aliyewalaza wageni kitandani pake: aliye mfupi alimvuta mpaka alingane na kitanda, na aliye mrefu alimkata miguu. Viwanda vya motokaa havikati mtu, lakini kitanda vimekiweka. Sanamu ile itumikayo sana duniani kujaribia motokaa katika migongano, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1976, ina umbo la mwanamume mwenye urefu wa sentimita 175 hivi na uzito wa kilo 78. Kwa muda mrefu mwanamke aliwakilishwa na sanamu ndogo tu, ya sentimita 150 na kitu, kana kwamba wanawake wote ni wa kimo kile. Ilikuwa mwaka 2022 tu ndipo bibi mmoja mtaalamu wa Sweden, Astrid Linder, pamoja na wenzake, alipoonyesha sanamu ya mwanamke wa kadiri, yenye urefu wa sentimita 162. Basi, mama wa Kibombo asidhani kwamba kasoro ni ya mwili wake.

Mimi ni mwalimu, nami naliona jambo hili hili kila mwaka darasani. Mtoto wa darasa la kwanza akikalishwa kwenye benchi la wakubwa, miguu yake yaning'inia, mgongo wachoka, naye kabla ya saa nne amekwisha acha kusikiliza. Watu husema ni mtundu. Hasha! Benchi ndilo tundu.

Mtu akikaa kwenye usukani, viungo vyake vitatu vina madai matatu, na madai hayo yagombana. Macho yataka kupanda juu, ili yaone njia juu ya usukani. Miguu yataka kushuka na kwenda mbele, ili ifike kwenye pedali. Na kifua chataka kubaki nyuma, mbali na usukani. Ukiinua kiti kwa ajili ya macho, umeiba urefu wa miguu. Ukisogeza kiti mbele kwa ajili ya miguu, umekiweka kifua hatarini. Kwa hiyo asiyejua hutengeneza jambo moja na kuharibu mawili.

Kuhusu kifua, yafaa tuseme neno. Katika motokaa za siku hizi, usukani huwa na mfuko wa hewa uliofichwa, ambao hufumka kwa nguvu nyingi kabla mtu hajapepesa jicho, ili umpokee shoferi wakati wa mgongano. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, mfuko huo uliwaua watu kadhaa katika ajali ndogo, na miongoni mwao walikuwapo wanawake wafupi waliokaa karibu mno na usukani. Ndipo mwaka 1997 serikali ya huko ikaruhusu mifuko ipunguzwe nguvu. Shauri lililotolewa tangu hapo ni kwamba kati ya mfupa wa kifua na katikati ya usukani ziwepo sentimita 25 kwa uchache. Kamyoni za zamani hazina mfuko huo. Lakini usukani wake wenyewe ni chuma, nao haumhurumii mtu. Shikeni kipimo kile kile.

Sasa tutazame njia mbaya, kwa kuwa nazo twaziona kila siku. Yuko shoferi akaliaye mto wa kulalia. Mto huo hauna kitu cha kuushika; akikanyaga freni kwa ghafula, mto wateleza mbele, na yeye pamoja nao, na mguu watoka kwenye pedali wakati ule ule anapouhitaji. Yuko afungaye kipande cha mti kwenye pedali kwa kamba ya mpira uliokatwa katika tairi la ndani. Siku ya kwanza chashika. Siku ya kumi mpira umelegea kwa joto na mafuta, mti wageuka upande, na pengine waingia chini ya freni. Hapo freni haishuki tena, ukanyage upendavyo. Yuko avaaye malapa yenye soli nene. Na, msinicheke, wako hata wawili waendeshao kamyoni moja: mwenye usukani hupaza sauti, na msaidizi wake hukanyaga ambreyaje kwa mguu wake. Watu wawili hawawezi kuogopa kwa dakika moja, na katika hatari dakika ile ndiyo yote.

Njia njema yaanza na kipimo. Mama akae kitini, makalio na mgongo vigusane kabisa na kiegemeo. Akanyage ambreyaje mpaka mwisho wake. Goti libaki limekunjwa kidogo. Mguu ukinyooka kabisa kama fimbo, hauna nguvu tena. Nguvu ya kusukuma iko katika goti lenye pembe. Akanyage freni vivyo hivyo, lakini kisigino kikae sakafuni. Mguu unaoning'inia hewani huchoka upesi, tena haujui kupima: hukanyaga kidogo mno au kupita kiasi. Mumewe, au mtu mwingine aliye mwangalifu, asimame mlangoni na kipande cha rula, aandike ni sentimita ngapi zinazopungua, kwa kila pedali. Bila hesabu hiyo, fundi atafanya kazi ya kubahatisha.

Baada ya kupima, tazameni kiti kabla ya kugusa pedali. Mara nyingi kiti chaweza kusogea, ila reli zake zimeshikwa na kutu na udongo. Mafuta ya taa, brashi ya waya, grisi kidogo, na kiti kilichokataa miaka kumi chaenda mbele bila kulipa faranga nyingi. Isipofaa, fundi aweza kukifungua na kukifunga mahali pa mbele zaidi. Lakini asitoboe bati la sakafu na kuacha hivyo. Chini yake aweke bamba la chuma ili bolti zisichanike zikivutwa. Kiti kilichong'oka katika ajali ni adui wa pili.

Kisha mgongo. Badala ya kusogeza kiti chote, yawezekana kuujaza mgongo kwa mto mgumu: ubao mwembamba uliofunikwa kwa sufi iliyoshindiliwa na turubai, uliofungwa kwa mikanda kuzunguka kiegemeo. Sponji laini haifai, maana hubonyea, na kipimo chako cha asubuhi si kipimo chako cha mchana. Ikihitajiwa kuinua macho, mto wa chini nao uwe mgumu, umefungwa, na upande wa mbele uwe chini kuliko wa nyuma. Ukiwa juu mbele, wabana mapaja na kuufupisha mguu ambao tayari ni mfupi.

Mwisho ndipo pedali zenyewe. Wazungu wana viongezi vya aluminiamu vinavyofungwa kwa bolti, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 baadhi ya motokaa kubwa za Marekani zina pedali zinazosogea kwa umeme, ukibonyeza kitufe. Sisi tuna fundi, mti mgumu na tairi kuukuu, na kazi yaweza kuwa njema vile vile. Kipande cha mti mgumu kichongwe sawa na upana wa pedali. Juu yake pigiliwe mpira wa tairi wenye meno, ili kiatu kisiteleze wakati wa mvua. Kibanwe kati ya mabamba mawili ya chuma, moja mbele na moja nyuma ya pedali, kwa bolti zenye nati mbili mbili. Waya na kamba hazina kazi hapa. Unene ukizidi sentimita tano, mimi ningerudi kwenye kiti kutafuta zilizobaki, maana kipande kirefu huipindisha pedali.

Yako mambo mawili ambayo fundi asiyaache. Kwanza, pedali ya freni na ile ya mafuta zilitoka kiwandani zikiwa na tofauti fulani ya kimo. Tofauti hiyo ibaki, ili mguu utoke kwenye mafuta na kuingia kwenye freni bila kukwama. Pili, ukiinua pedali, kisigino nacho chataka kuinuliwa. Basi kiwekwe kibao sakafuni, kilichofungwa kwa bolti, wala kisizuie pedali kushuka mpaka mwisho wake. Kamyoni nyingi hutumia freni za hewa, ambazo hazitaki nguvu nyingi ya mguu. Zataka tu mguu ufike. Ambreyaje ndiyo nzito, na hapo ndipo mama atafurahi kwa pembe ile ya goti.

Shemeji huenda bado atasema kwamba kamyoni si kazi ya mwanamke mfupi. Mwaka 1945, vita ya pili ya dunia ilipokaribia mwisho, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa na miaka 18, aliingia jeshi la wanawake akafundishwa kuendesha malori na kuyatengeneza. Hakuwa jitu, kimo chake kilikuwa kama sentimita 163. Na leo, katika migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanzania, wako wanawake waendeshao malori ya mawe ambayo gurudumu lake moja lazidi kimo cha mwanamume. Wanaweza kwa sababu kiti cha malori hayo hupanda, hushuka na kusogea. Kiti kikimtii mtu, kimo si neno.

Kiti kikiisha tengenezwa, vioo vipangwe upya, maana macho yamehama. Na shoferi mfupi ajue kwamba mbele ya kamyoni kuna mahali asipoona hata akijiinua. Amweke mtoto mmoja wa jamaa mbele ya motokaa iliyozimwa, arudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka kichwa chake kionekane. Pale alipoonekana papigwe alama. Watoto wa kijijini, mbuzi, na wanawake wenye vikapu hupita hapo hapo kamyoni ikiwa imesimama ikipakia. Msaidizi atazame kwa macho yake kabla ya kuondoka, kila mara.

Wenye pikipiki nao watuulize siku nyingine. Kwao taabu ni kufikisha mguu ardhini, na mara nyingi fundi wa viti aweza kupunguza sponji akamaliza jambo.

Kwa mama wa Kibombo, basi: siku ya kwanza aendeshe uani bila mzigo, akanyage freni kwa ghafula mara kumi, mwendo wa mtu anayetembea. Siku ya pili njia tambarare, bado bila mzigo, mumewe akiwa kando yake mgongo ukimruhusu. Safari ya kwanza ya Kindu achukue nusu ya mzigo, na ufunguo wa nati awe nao chini ya kiti. Akifika nusu ya njia asimame, azime motokaa, akaze bolti zote za pedali na za kibao. Zikilegea, zitalegea siku hiyo ya kwanza. Na akimpa mtu mrefu usukani, avifungue vipande vyote kwanza, kwa kuwa pedali iliyonenepeshwa humkwaza mrefu kama vile ile ya kiwanda ilivyomkwaza yeye.