Je, Ni Kweli Wagombea Wote ni Wamoja?

 

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, kuna kauli husikika katika baraza za misikiti yetu: "Wote ni wamoja, akitoka mwizi, aingia mwizi." Mwenye kuisema huitikiwa kwa vichwa, na pengine huhesabiwa kuwa mchaji aliyeikinai dunia. Sisi hatuoni hivyo.

Hatusemi kwamba kauli hiyo haina chimbuko. Mwaka 1992 chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili. Mwaka 2007 baadhi ya viongozi wetu walitia saini mkataba wa maelewano na mgombea urais Raila Odinga, na uchaguzi wenyewe ukaishia katika umwagaji damu. Mwaka 2013 wapo waliotaka Pwani isusie kura kabisa. Muumini aliyeyashuhudia hayo ana haki ya kuchoka. Lakini kuchoka ni jambo moja, na kuwahukumu watu usiowachunguza ni jambo jingine. "Wote ni wezi" ni tuhuma, na dini yetu haikubali tuhuma bila bayana hata kwa mtu mmoja, seuze kwa orodha nzima.

Wanazuoni kadhaa wa zama zetu, akiwemo marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wameifananisha kura na ushahidi. Shahidi haulizwi iwapo anawapenda walio mbele yake, huulizwa anachokijua. Na kanuni ya fiqhi inajulikana: yakikutana madhara mawili yasiyoepukika, huvumiliwa lililo jepesi ili lizuiwe lililo zito. Wapo ndugu wanaosema kwamba kupiga kura ni kuuridhia mfumo usiohukumu kwa sharia. Tunaiheshimu ghera yao. Hata hivyo, Masahaba walipozidiwa na mateso Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza Habasha, nchi ya mfalme wa Kinasara ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Hakuwaambia kwamba wafalme wote ni wamoja.

Tuyatazame na yaliyotufika wenyewe. Katika kura ya maoni ya 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya katiba, na mojawapo ya sababu zao ilikuwa Mahakama za Kadhi. Rasimu ile haikuwa kamilifu machoni mwa Muislamu. Ilipita kwa takriban asilimia 67, na mahakama hizo zikathibitishwa katika kifungu cha 170. Mjane anayedai mirathi yake leo mbele ya Kadhi hawezi kuambiwa kwamba kura haina maana.

Mwaka 2022 walioandikishwa walikuwa takriban milioni 22.1, na waliopiga kura ya urais takriban milioni 14.3. Waliobaki nyumbani walimzidi kwa idadi hata mshindi, aliyepata kura 7,176,141 na kumpita mwenzake kwa kura zisizofika 234,000. Mombasa, ambako uchaguzi wa ugavana uliahirishwa hadi 29 Agosti kwa kasoro za karatasi, walioandikishwa walizidi 640,000. Ugavana ukapatikana kwa kura takriban 119,000. Pengo hilo halikubaki tupu. Hujazwa na mwenye fedha, kwani wapiga kura wakiwa wachache, kuwanunua huwa rahisi.

Hapa tuseme ukweli, ujapokuwa mchungu. Mara nyingi anayelalamika kwamba wote ni wezi ndiye wa mwanzo kupanga foleni ya unga na leso wakati wa kampeni. Na zipo kamati za misikiti zinazopokea zulia kutoka kwa mgombea, kisha zikampa kipaza sauti. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rishwa na mpokeaji wake, kuiita sadaka hakuibadilishi hukumu.

Tena tunamzungumza rais peke yake, ilhali mpiga kura hupewa karatasi sita. Zahanati, shule za chekechea na barabara za mitaani zimo mikononi mwa kaunti, na mwakilishi wa wadi ndiye anayezipigia kura bajeti zake. Huyo si mgeni kwetu. Tunajua nani aliweka fedha za maji za mtaa akatoa hesabu, na nani aliulizwa akakasirika. Je, hao nao ni wamoja?

Rai yetu kwa kamati za misikiti ni hii: wagombea wote wa wadi, Waislamu na wasio Waislamu, waalikwe siku moja baada ya Isha, ukumbini na si mimbarini. Waulizwe maswali yaleyale: mali yako umeichuma vipi, na zahanati itapata dawa kwa fungu lipi la bajeti? Majibu yaandikwe na kubandikwa ubaoni. Wala asiruhusiwe yeyote kuacha bahasha anapoondoka.