Nilimtegea mume wangu, nikanasa mwenyewe

Mpenzi msomaji, najua niliahidi kwamba mwezi huu tutaongelea wakwe wanaohamia bila taarifa. Naomba radhi, hao wasubiri kwanza. Dada mmoja wa Morogoro ameniandikia akitaka nimtajie programu nzuri ya kumchunguza mumewe kwenye kompyuta ya nyumbani, "ya bure, na asijue". Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja, ila mimi niliwahi kuitafuta programu ya namna hiyo na nikaipata, kwa hiyo acha nisimulie.

Ilikuwa 2018, tunakaa Tabata. Kompyuta ilikuwa sebuleni, mali ya wote: Nasra anachezea gemu, mimi naandikia safu hii, baba yake anasomea habari za mpira. Ghafla baba mtu akaanza kukaa nayo mpaka saa saba usiku. Nikipita nyuma yake anafunga ukurasa. Wanawake wenzangu mnajua akili inakimbilia wapi hapo.

Shoga yangu mmoja (simtaji, bado tuko naye kwenye kikoba) akanipa jina la programu. Kazi yake kunakili kila kitufe kinachobonyezwa, kupiga picha ya skrini kila baada ya dakika chache, kisha inakuletea ripoti kwenye barua pepe. Maelekezo ya kwanza kabisa yalisema: zima programu ya kuzuia virusi, la sivyo haitaingia. Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mimi nilizima, tena haraka haraka kabla mwenzangu hajatoka kuoga.

Wiki mbili nikasoma. Mwanamke hakuwepo. Kulikuwa na barua za kuomba kazi, zaidi ya ishirini, nyingine za vyeo vya chini kuliko alichokuwa nacho. Kazini kwao walikuwa wanapunguza watu na yeye alishaambiwa yumo. Hakutaka nijue kabla hajapata pengine pa kushika. Basi nikabaki na siri yake mkononi, pole siwezi kumpa, maana nikimpa ataniuliza nimejuaje. Na programu sikuitoa. Nilijidanganya kwamba nafuatilia tu kama kuna aliyemjibu.

Jumamosi moja shangazi yangu wa Tanga akapiga simu. "Mwanangu, ile laki na nusu imekufikia? Unaendeleaje hapo hospitali?"

Laki na nusu ipi, hospitali gani? Kumbe kuna mtu alishaingia kwenye Facebook yangu, anawaandikia ndugu na wafanyakazi wenzangu kwamba nimelazwa, simu imepotea, nitumiwe pesa kwa namba fulani. Nikajaribu kuingia, neno la siri limebadilishwa. Barua pepe nayo hivyo hivyo.

Fundi alikuja jioni, kijana wa mtaani tunayemfahamu. Baba Nasra kakaa pembeni. Kijana kabonyeza kidogo, kageuka. "Dada, nani kazima ulinzi humu?"

Mume wangu akaniangalia. Sikuwa na pa kukimbilia.

Fundi alinieleza taratibu kama anaongea na mgonjwa. Mtego wa namna ile haujui nani mume nani mke. Kila nilichoandika mimi kwenye kompyuta ile, maneno ya siri yakiwemo, kilinakiliwa sawasawa na cha mwenzangu. Na ripoti haikuwa inakuja kwangu peke yangu, aliyeitengeneza programu alikuwa anapata nakala yake. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango na kumwondoa mlinzi.

Alipoondoka, Baba Nasra aliuliza swali moja tu. "Barua zangu ulisoma zote?" Nikasema zote. Akatoka, akakaa barazani mpaka usiku mwingi.

Msidhani hatari hii ni ya programu za bure tu. Marekani kulikuwa na moja ya kulipia, pcTattletale, iliyokuwa ikitangazwa kwa watu wanaotaka kuwanasa wenzi wao. Mei 2024 ikavamiwa na wadukuzi, picha za skrini za watu zikavuja, na kampuni ikafungwa. Ilikuwa imekutwa hata kwenye kompyuta za mapokezi ya hoteli. Na hapa kwetu, kunasa mawasiliano ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Cheti cha ndoa si kibali.

Kazi ya kusafisha ilikuwa hivi. Picha na nyaraka zetu zilihamishiwa kwenye diski ya nje na kukaguliwa, kisha Windows ikafutwa na kuwekwa upya. Fundi alisema kufuta programu tu hakutoshi kama hujui imeingia na nini. Maneno ya siri nilibadilisha yote kwa kutumia simu, sio kompyuta ile, maana ningeyabadilishia machoni pa mwizi. Nikaongeza uthibitisho wa hatua mbili, kila mtu akapata akaunti yake, na ile yenye mamlaka ya kuweka programu haitumiki kila siku. Huyo mtundu wa magemu hawezi tena kupakua kitu bila sisi kujua. Antivirasi hatukununua: Windows 10 na 11 zina Defender ndani yake, ilimradi usiizime kama mimi. Ila Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama bado unayo, ongea na fundi wako.

Sasa wewe unayesoma hapa ukihisi unayechunguzwa ni wewe, na mwenzako ni mtu wa ngumi, usikimbilie kuifuta. Ikitoweka atajua umegundua. Tumia simu au kompyuta ya mtu unayemwamini kutafuta msaada kwanza, na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi lipo kwa ajili yako.

Shangazi nilimrudishia laki na nusu yake kwa mafungu matatu. Baba Nasra alipata kazi baada ya miezi minne. Siku alipoitwa kwenye usaili alinifuata jikoni, akaniambia mwenyewe kwa mdomo wake, nami nikaiacha sufuria ikaungua.

Dada wa Morogoro, jina la programu sikupi. Wakwe tutawaongelea mwezi ujao, panapo majaliwa.